Bangili Inayosomwa Mara Moja

Haya nilisimuliwa na Namkunda mwenyewe, wakati wa choroko, mwaka wa pili tangu Mstari, ule mpaka kati ya Milimani na sisi wa Nyika, uliposhushwa ukaiacha kliniki upande wa Milimani. Tulikuwa tunapepeta uani kwangu. Alisimulia siku tatu, kwa sababu kila alipofika kwenye habari ya beseni aliinuka akaenda kuangalia kuku. Sikumharakisha. Kuku walikuwa wazima siku zote.

Alianza na asubuhi ile.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kliniki. Binti yake Nasemba aliamka na mgongo unamuuma. Mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Mkunga wa Milimani hakupokei bila beseni lako mwenyewe, mpira wako wa kulalia, wembe na nyuzi, na siku hiyo vitu vilitakiwa kukaguliwa. Nasemba akavifunga vitu vidogo kwenye khanga, beseni akalishika mkononi. Lilikuwa la bati, jipya, linang'aa.

"Mama, hata chai sijamaliza na jua limeshaanza kuchoma."

"Jifunike hilo beseni."

"Nijifunike beseni nipite kwa watu kama kichaa?"

"Afadhali kichaa mwenye kivuli. Jifunike, mwanangu, hilo jua litakuangusha."

Nasemba akacheka. Akaligeuza, akalivaa kichwani mpaka machoni, akaondoka. Beseni lilikuwa kubwa. Chini yake aliona miguu yake tu na vumbi.

Sasa, pale kwenye lango la Mstari kuna jicho la mtambo. Jicho linasoma uso. Likikujua linawasha taa ya kijani, unapita. Lisipokujua linawasha ya njano, unakaa chini unangoja. Lisipouona uso kabisa linawasha nyekundu. Na walinzi wamefundishwa kwamba nyekundu ni mtu wa vifyonzi, wale waliokuwa wakipanda wamejifunika nyuso, wanabeba chombo cha kunyonya bomba la maji. Mwaka wa nyuma yake kifyonzi kimoja kililipuka, kikaua walinzi wawili. Si uongo, kiliwaua.

Mlinzi wa zamu aliitwa Yonazi. Alikuwa na mwezi wa pili kazini. Aliona taa nyekundu, akaona kitu cha bati kinang'aa kinakuja, hakina uso.

Alipiga risasi mara moja.

*

Siku ya nne baada ya mazishi alikuja Eshi. Eshi ni binti wa Nyika kama sisi, ila ana kibali cha kupanda, kazi yake fundi wa vyombo vya kliniki. Aliingia amevua viatu, akakaa chini kwenye mkeka ingawa kiti kilikuwepo. Akatoa mfuko wa kitambaa.

"Shikamoo, Mama Nasemba."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Bangili yake. Ile ya wajawazito. Waosha maiti walinikabidhi, sikuipeleka ofisini."

Namkunda aliipokea. Nyepesi, rangi ya maziwa, ina ufa mdogo. Akamwuliza Eshi ya nini sasa.

Eshi akaanza mbali kidogo. Akamwambia, mama, unajua vile vidani wanavyovaa walinzi shingoni? Kila mtu anavijua. Kidani kinaandika mwili: moyo unavyopiga, jasho, tumbo linavyojikunja. Mlinzi akiua, Baraza linaitishwa. Watu kumi na wawili wanachaguliwa kwa kura, sita wa Milimani, sita wa Nyika, wanavalishwa kofia, na pumzi tisa za mwisho za mlinzi kabla hajapiga zinaingizwa kwenye miili yao. Wanazisikia kama zao. Halafu wanaulizwa swali moja tu: hofu hii ni ya kweli? Saba wakisema hapana, mlinzi anapelekwa mahakamani. Wasipofika saba, anarudi kazini.

"Najua," Namkunda akasema. "Miaka kumi na minne hajapelekwa hata mmoja."

"Hajapelekwa kwa sababu inayosikika ni ya mmoja. Ukiivaa hofu ya mtu lazima utetemeke. Wanatoka pale wanalia, wanasema hata mimi ningepiga. Marehemu hana kidani. Marehemu hasikiki." Eshi akaigusa ile bangili kwa kidole. "Hii, mama, imetengenezwa na walewale wa vidani. Inaandika vilevile, mama na mtoto, tena si pumzi tisa tu, asubuhi nzima. Alikuwa ameivaa mpaka mwisho."

Namkunda akaigeuza ile bangili. Aliniambia siku ile ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza. Mwanzo alikuwa na uchungu tu.

"Ila kuna kitu," Eshi akasema. "Kidani cha mlinzi kinasomwa hata mara mia. Hii ilikusudiwa mkunga aisome mara moja, aandike daftarini, ifutike. Ikisomwa Barazani, imekwisha. Ukiivaa wewe leo hapa, imekwisha. Kofia ninayo kwenye mkoba. Sikushauri lolote, mama. Mimi ni fundi tu."

"Ukinivalisha mimi, wao watapata nini?"

"Plastiki."

"Na wakivalishwa wao, mimi?"

Eshi aliinamisha kichwa. "Nasikia kwamba anayebeba, mwili wake unakumbuka mpaka alale. Akilala mara moja tu, kimeondoka. Ndiyo maana wanapigishwa kura palepale. Basi kwa siku hiyo moja atakuwemo ndani ya watu kumi na wawili. Baadaye hayupo popote."

*

Kuna jambo Namkunda hakumwambia Eshi. Hakutaka ile bangili kwa ajili ya kesi. Alitaka kujua kitu kimoja. Kwamba mtoto wake, chini ya lile beseni, alikuwa anamlaani au vipi. Kwa sababu nani alimwambia ajifunike?

Siku mbili kabla ya Baraza alifika mgeni mwingine. Mwanamke wa Milimani, viatu vya kufunga, mtoto mchanga mgongoni. Majirani walimjua kabla hajabisha hodi, wakatoka kusimama milangoni. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Mke wa muuaji naye ana miguu!"

"Karibu ndani," Namkunda akamwambia. "Huko nje watakutemea mate."

Aliitwa Mama Heriel. Hakukaa. Alikuwa anamtikisatikisa mtoto, na mtoto mwenyewe halii.

"Mama, nimekuja kwa miguu yangu, mume wangu hajui. Nimesikia habari ya bangili."

"Umesikia."

"Ivae wewe." Aliyasema haraka, kama mtu aliyekuja anayarudia njia nzima. "Ni mtoto wako. Kwa nini umpe mchinja ng'ombe na wauza vitunguu wakamsikilize anavyokufa? Mimi ningekuwa wewe ningeivaa. Nani atakulaumu?"

"Na mumeo atarudi kazini."

Mama Heriel akaanza kulia bila sauti. "Mume wangu halali, mama. Anakaa kitandani anasema simama, simama, simama. Aliita mara tatu! Ameapa aliita mara tatu. Asingepiga, ningeletewa jeneza kama wale wenzake wawili. Wao waliuliza kwanza, wakalipuliwa. Ulitaka afanye nini?"

"Amgoje afike."

"Akiwa kifyonzi?"

"Alikuwa beseni," Namkunda akasema.

Wakatazamana. Mtoto akapiga chafya. Namkunda, bila kufikiri, akamwambia, "Mfunike kichwa, vumbi la huku si kama la kwenu." Halafu akasikia alichokisema. Akakaa chini kwenye udongo. Mama Heriel hakuelewa, akadhani amemfukuza, akaondoka.

Jioni hiyo bangili ilikuwa mezani, Namkunda anaitazama. Aliniambia, dada, mkono wangu ulikwenda mara nyingi. Kilichonizuia ni lile neno, aliita mara tatu. Nasemba aliyekuwa akiitwa mara moja tu kutoka jikoni anaitika mpaka jirani anasikia. Kama aliitwa mara tatu, kwa nini hakuvua beseni?

Asubuhi akampelekea Eshi bangili.

*

Baraza lilikaa kwenye godauni la zamani la katani, penye uwazi wa Mstari, ili pande zote zifike. Watu walijaa mpaka nje. Kwanza huwa wanaachiwa kusema, ndiyo kanuni, na siku hiyo walisema hasa.

Mzee mmoja wa Milimani akasema mkiwashitaki walinzi mnawafunga mikono, na mkiwafunga mikono mtakunywa nini, hata nyie Nyika bomba lenu linatoka kwetu. Mama wa Nyika akamjibu, linatoka kwenu Jumatatu na Ijumaa, mzee, siku nyingine tunakunywa hotuba zako. Wakacheka pande zote. Mlinzi mstaafu akasimama, akasema yeye amebeba wenzake vipandevipande, na hakuna aliyewahi kuitisha Baraza kwa ajili ya wale. Hapo hakucheka mtu. Mwalimu mmoja akauliza kwa nini swali ni moja. "Mnauliza kama aliogopa. Hata mwizi anaogopa. Ulizeni kama ilimpasa kupiga!" Mwenyekiti, Bwana Mgonja, akagonga meza. Swali liliandikwa na sheria, akasema, hata yeye hana ruhusa ya kuongeza nukta.

Yonazi alikuwa amekaa pembeni kwa sare. Namkunda alitegemea kuona jitu. Aliona kijana mwenye masikio makubwa, kola imemzidi shingo.

Kumi na wawili wakaitwa. Wa mwisho kukaa alikuwa Mbazi wa bucha, mtu wa Nyika, mnene, anajulikana kwa utani. Akaivaa kofia akaipapasa. "Mimi nachinja ng'ombe watatu kwa wiki," akawaambia watu, "hawa watanitisha na nini?"

Eshi akafungua kidani.

Pumzi tisa si kitu kirefu. Kwenye ya tatu Mbazi alianza kutoa jasho. Kwenye ya sita mwanamke mmoja wa Nyika akashika tumbo. Kwenye ya tisa wote kumi na wawili waliruka kwenye viti kwa pamoja, kana kwamba wamevutwa kwa kamba. Mbazi alikuwa analia wazi, makamasi yanamtoka. Watu wa Milimani wakashusha pumzi. Walijua imekwisha.

Ndipo Mwenyekiti akatangaza kwamba kwa mara ya kwanza kipo cha pili.  Namkunda akaitwa aseme kama anaridhia. Akasimama. Akaitikia kwa kichwa.

Eshi akaiweka bangili. Wakangoja waone kumi na wawili wakiruka tena.

Hawakuruka.

Walikaa. Mbazi akafumba macho. Mkono wake ukaenda nyuma kiunoni ukakanda, mwingine ukajiweka juu ya tumbo. Mwanamke mmoja akatabasamu kidogo. Halafu nyuso zao zote zikazimika kwa mara moja, bila kushtuka, kama taa. Ila hawakuvua kofia. Waliendelea kukaa vilevile, muda mrefu, vichwa vimeinama upande mmoja kama wanasikiliza kitu kidogo chumba cha pili. Kisha wakavua.

"Semeni," Mwenyekiti akasema.

"Hakuna hofu," Mbazi akasema. "Hakuna kabisa."

Kelele zikapanda upande wa Milimani. "Umesikia! Hata mwenyewe hakuogopa! Sasa mnamshitaki nani?" 

Lakini kulikuwa na bibi mmoja kati ya wale sita wa Milimani, mwembamba, amejifunga kitambaa cha kanisani. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Bwana Mwenyekiti, mimi nina swali kwa huyu mlinzi. Amesema aliita mara tatu. Mwili ukiitwa kwa bunduki unaruka, hata kama masikio hayajaelewa. Huu niliovaa haukuruka. Ulikuwa unahesabu hatua. Uliita lini, mjukuu wangu?"

Yonazi alisimama bila kuambiwa. Mkewe kule nyuma akasema, "Baba Heriel, kaa." Hakukaa.

"Koo lilikauka," akasema. "Nilipiga kwanza. Niliita baadaye. Niliita mara tatu, ni kweli niliita. Alikuwa ameshalala chini, nikamwambia simama."

 Bibi yule akauliza tena, polepole, "Na mtoto aliyekuwa tumboni, unajua moyo wake uliendelea mapigo mangapi baada ya mama yake? Sisi tunajua. Tumehesabu." Hakusema ngapi. Hakuna hata mmoja wa wale kumi na wawili aliyewahi kusema, mpaka leo.

Ikapigwa kura hapohapo, kwa kusimama. Swali lilelile moja: hofu ya Yonazi ilikuwa ya kweli?

Watano wa Milimani wakasema ndiyo. Bibi akasema hapana. Watano wa Nyika wakasema hapana. Hapo ni sita, na aliyebaki ni Mbazi, na Mbazi ni wetu. Watu walishaanza kukumbatiana. Mtu mmoja nje akapiga debe.

Mbazi alisimama, mkono bado kiunoni kama mjamzito.

"Ilikuwa ya kweli," akasema.

*

Nikamwuliza Namkunda, ulifanya nini? Akasema, nilikwenda nyumbani, dada. Kwani kuna pengine pa kwenda?

Yonazi aliachiwa saa hiyohiyo. Mbazi alipigwa mawe mpaka bucha likafungwa. Jua likiwa bado juu Namkunda akasikia hodi. Akafungua. Alikuwa Mbazi, shati limechanika, damu kwenye sikio.

"Ondoka."

"Naondoka, mama. Ila nisikilize kwanza." Alikuwa anaongea akiwa ameshikilia mwimo wa mlango. "Waliuliza kama ni ya kweli. Ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nayo humu, ningesemaje siyo? Wangeuliza kama aliita, ningesema hakuita. Wangeuliza kama ni haki! Hawakuuliza. Mimi ni mtu wa ng'ombe, sijui kujibu swali ambalo sijaulizwa."

"Umemwachia aliyeniulia mtoto, unanijia na swali?"

"Nimekuja kwa sababu bado ninaye. Wale wengine wamekwenda kwao, watakula watalala. Mimi sijalala. Uliza unachotaka. Nikishamaliza nifukuze."

Namkunda alisema alitaka kumpiga na mchi. Aliushika kabisa. Halafu Mbazi akabadili mguu wa kusimamia, akaegemea kushoto, akatoa pumzi puani, na ilikuwa Nasemba. Si sura, si sauti. Ile namna ya kuegemea tu. Mchi ukamtoka mkononi.

Akamketisha kwenye mkeka. Akampikia chai kali. Alimwuliza mambo madogomadogo kwanza, anazunguka. Mbazi akajibu: mgongo ulikuwa unamuuma hapa, chini. Alikuwa na hamu ya udongo. Khanga ilimbana kwenye bega. Kijiwe kilikuwa kinagonga beseni, ting, ting, sijui kiliingiaje, kilikuwa kinamchekesha. Alikuwa anahesabu hatua mia mia.

Usiku ulipita hivyo, na asubuhi. Wa Barazani walikuwa wameshalala wote, habari zilifika, bibi wa Milimani ndiye alichelewa zaidi, naye alipitiwa kanisani. Amebaki Mbazi. Kila alipoinamisha kichwa Namkunda alimmwagia maji ya kikombe usoni. Maji yenyewe ya Ijumaa, ya kunywa. Macho ya Mbazi yalikuwa mekundu kama nyama yake ya buchani. Hakulalamika hata mara moja.

Mchana wa pili Namkunda ndipo alipothubutu.

"Alipolivaa lile beseni," akasema. "Alipolivaa tu. Alisikiaje?"

Mbazi alifikiri. Ilimbidi atafute, kilikuwa kimeanza kwenda.

"Vizuri," akasema. "Jua lilikuwa linamchoma hapa utosini, halafu pakawa na kivuli. Kichwa kikapoa. Alisikia vizuri, mama. Njia nzima."

 Baadaye kichwa cha Mbazi kikaanza kushuka. Kikombe kilikuwa mkononi mwa Namkunda, kimejaa. Angeweza kuwa na Nasemba saa moja zaidi, pengine mbili. Akakiweka kikombe chini. Akachukua khanga ya Nasemba, ile ya kufungia vitu, iliyorudishwa pamoja na beseni siku ya mazishi, akamfunika nayo mabega.

"Lala, mwanangu," akamwambia.

Mkono wa Mbazi ulikuwa bado juu ya tumbo. Ukateleza polepole, ukaanguka kwenye mkeka, kiganja juu. Kwa kitambo pumzi zake zilikuwa nyepesi, za mtu mwingine. Kisha akakoroma, mkoromo mzito wa mwanaume mnene aliyechoka, nao ulikuwa wake mwenyewe.

Namkunda akakaa na ule mkoromo, anausikiliza kama atasikia kingine ndani yake. Halafu na yeye, ambaye tangu Alhamisi ile hakuwa amepata usingizi wa kweli, akalala ubavu palepale mkekani, beseni likiwa katikati yao, akasinzia.